Wafalme Waliovushwa Bahari

Ukiwa Da Nang, katikati ya Vietnam, ukaulizia ziara ya Hue ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, utapewa ratiba ambayo kila wakala anaijua kwa moyo: asubuhi mlima wa Hai Van, kisha ngome na Mji wa Kifalme, chakula cha mchana, pagoda ya Thien Mu, makaburi mawili ya wafalme, jioni kurudi hotelini. Mwendo ni kama kilomita 100. Mabasi ya watalii yanaifuata ratiba hiyo, na magari ya kukodi yanaifuata vilevile. Ila ukiwa na gari lako, dereva wako na mwongozaji wako, unaweza kusema "hapa tukae kidogo", na unaweza pia kusema "pale msitupeleke, tupelekeni kwingine". Sisi tulisema yote mawili. Hilo la pili ndilo limenifanya niandike.

Nilikuwa na mama. Ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, mwenye miaka sabini na ushei, na magoti yake hayataki kuharakishwa na kijana aliyeshika bendera ya kikundi. Ndiyo maana nikakodi gari letu wenyewe. Bei huhesabiwa kwa gari zima, si kwa kichwa, kwa hiyo watu wanne wakichangiana huona nafuu, wawili huumia kidogo. Tiketi za kuingilia mara nyingi ni juu yako: Mji wa Kifalme peke yake ni dong 200,000, na makaburi makubwa 150,000 kila moja. Mwulize wakala mapema, tena kwa maandishi, kipi kimo ndani ya bei na kipi hakimo.

Mwongozaji wetu alikuwa dada wa makamo, mzaliwa wa Hue, mwenye Kiingereza cha taratibu kisichomchosha msikilizaji. Mimi nilikuwa namtafsiria mama. Kabla hatujatoka mjini alikuwa ameshajua kumwita "Mama" kama ninavyomwita mimi, na mama naye anamwita "mwanangu". Tokea hapo mazungumzo yakawa yao wawili, kazi yangu ikawa ukalimani.

Mama ana namna yake ya kutembelea majumba ya watu wakubwa. Urefu wa ukuta haumshughulishi. Huuliza mambo mawili: nyumba hii ilikuwa ya nani, na mwisho wake ulikuwaje?

Hai Van tuliipanda ukungu ukiwa bado haujaondoka. Barabara hii ya zamani inafika mita 496 juu ya usawa wa bahari, kona baada ya kona, upande mmoja msitu na upande mwingine bahari. Tangu handaki la zaidi ya kilomita sita lilipofunguliwa chini ya mlima mwaka 2005, mabasi na malori mengi yamehamia huko, njia ya juu ikabaki kuwa ya pikipiki, watalii na matangi ya mafuta. Kileleni kuna lango la mawe lililojengwa mwaka 1826 kwa amri ya mfalme Minh Mang, na pembeni yake vibanda vya zege vya askari wa zama za Wafaransa na za vita vilivyofuata. Aliyelishika lango hili ameishika njia ya kutoka kusini kwenda Hue, na kila jeshi lilijua hivyo. Mama alilitazama kwa muda mfupi, akasema baridi imezidi, tukashuka.

Chini, kwenye wangwa wa Lang Co, tulisimama kunywa kahawa. Vietnam ni ya pili duniani kwa kuuza kahawa nje, baada ya Brazili, na sehemu kubwa ya kahawa hiyo ni robusta, aina ileile inayolimwa Bukoba na Uganda. Huchujwa mezani kwako, tone kwa tone, kupitia kichujio cha bati kilichokaa juu ya glasi yenye maziwa mazito ya kopo. Mama, ambaye kahawa kwake ni kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata, aliomba yake isitiwe maziwa. Alipoonja akasema hii ni ya kwetu, imepikwa na mtu mwenye subira.

Hue ilikuwa makao ya ukoo wa Nguyen, wafalme 13 waliotawala kuanzia mwaka 1802 hadi 1945. Wa kwanza, Gia Long, aliiunganisha nchi baada ya vita vya miaka mingi, akachagua ukingo wa mto Huong na kuanza kujenga. Mwanawe, Minh Mang, akamaliza kazi mwaka 1832. Ukuta wa nje una mzunguko wa karibu kilomita 10, wenye pembe zinazochomoza na mfereji wa maji, kwa mtindo wa ngome za Kifaransa za Vauban, ingawa jinsi majumba ya ndani yalivyopangwa ni kwa kanuni za Kichina za milima, maji na pande za dunia. Ndani ya ukuta huo mkubwa watu wanaishi mpaka leo: kuna shule, gereji za pikipiki, kina mama wanaouza supu ya tambi barazani. Mji wa Kifalme wenyewe uko katikati, nyuma ya ukuta wa pili wenye mzunguko wa kilomita mbili na nusu hivi.

Unaingia kupitia lango la Ngo Mon, lililojengwa mwaka 1833. Lina njia tano. Ya katikati ilikuwa ya mfalme peke yake, mbili za ubavuni za maofisa, na mbili za pembeni kabisa za askari, farasi na tembo. Juu yake kuna roshani yenye mapaa ya vigae vya manjano na kijani, na ni hapo, tarehe 30 Agosti 1945, mfalme wa mwisho, Bao Dai, aliposimama mbele ya umati na kujiuzulu, akakabidhi muhuri na upanga kwa wajumbe wa serikali ya Ho Chi Minh. Mama akauliza: na huyu, mwisho wake? Mwongozaji akamjibu: alifia Paris, mwaka 1997. "Mbali," akasema mama.

Aliyezoea picha za Hue kwenye matangazo, zenye nguzo nyekundu na joka la dhahabu, atashangaa akishapita ukumbi wa kiti cha enzi. Nyuma yake kuna uwazi mkubwa. Majumba mengi ya ndani yaliungua katika mapigano na Wafaransa mwaka 1947, na yaliyosalia yakakutana na mwaka 1968. Tarehe 31 Januari mwaka huo, siku za mwaka mpya wa Tet, majeshi ya Kaskazini na wapiganaji wa Viet Cong waliuteka mji, wakaushikilia kwa siku 25 hivi, na Wamarekani na jeshi la Kusini wakaukomboa mtaa kwa mtaa kwa mizinga na mabomu. Maelfu ya raia walikufa, wengine kwa mabomu, wengine kwa kuuawa na walioushika mji. Kuta bado zina matundu ya risasi. Mwongozaji hakutoa hotuba hapo. Alisema tu kwamba Hue, kila mwaka katika siku zile baada ya Tet, ukitembea mtaani utakuta nyumba baada ya nyumba wana hitima ya mtu wao.

UNESCO iliiweka Hue kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993, ya kwanza katika Vietnam, na tangu hapo ujenzi haujasimama. Jumba la Kien Trung, ambalo kwa miongo lilikuwa msingi na vichaka tu, limefunguliwa upya mwaka 2024, kuta zake zimepambwa kwa vipande vya kauri vinavyong'aa. Wapo wanaolalamika kwamba ni jipya mno. Mimi naona watu wa mji wana haki ya kuijenga upya nyumba iliyochomwa, na mafundi waliokata vigae vile kipande kimoja kimoja wamefanya kazi ya heshima. Ninachoomba ni kwamba sehemu fulani iachwe kama ilivyo, msingi na nyasi, ili anayekuja aone pia kilichopotea.

Sasa nifike kwenye The Mieu, maana hapa ndipo siku yetu ilipogeuka.

The Mieu ni nyumba ndefu, ya chini, ya mbao nyekundu, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya kuwakumbuka wafalme waliofariki. Uani, kwa mstari, vimesimama vyungu tisa vya shaba nyeusi vya miguu mitatu, vilivyosubiwa kati ya 1835 na 1837. Kikubwa kabisa kina uzito unaopita tani mbili na nusu. Kwenye matumbo ya vyungu hivyo vyote kuna jumla ya michoro 162 iliyochomoza, na Minh Mang alitaka nchi yake yote iwemo humo: jua na mwezi, mito na milima inayotajwa kwa majina, chui-milia, kobe, merikebu, mzinga, mpunga. Mama alipita akivigusa kwa macho kimoja kimoja, akasimama penye tunda lenye miiba mifupi linaloning'inia kwenye shina. "Fenesi!" akasema kwa sauti, na walinzi wakageuka. Mwongozaji akacheka kwa furaha, akamwonyesha na mti wa udi, nao umechorwa humo, kwani ulikuwa mali ya nchi.

Ndani, baada ya kuvua viatu, madhabahu yamepangwa kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja na picha ya mfalme, kiti, taa na ubani. Wafalme walikuwa 13, madhabahu ni 10. Mama alizihesabu picha, akauliza wengine wako wapi. Bao Dai hayumo. Hawamo wawili wa mwaka 1883, waliopinduliwa haraka na kufa vibaya. Na watatu kati ya hawa 10, akasema mwongozaji, waliingizwa mwishoni mwa miaka ya 1950 tu. Kabla ya hapo hawakuwa na mahali humu, kwa sababu waliwapinga Wafaransa.

Akatusogeza picha kwa picha. Huyu ni Ham Nghi, alitawazwa mwaka 1884 akiwa na miaka 13. Mwaka uliofuata, baada ya shambulio la usiku dhidi ya Wafaransa kushindwa, alitoroshwa milimani, na kwa jina lake wasomi na wanakijiji wakaitwa kusimama kumtetea mfalme. Alisalitiwa na kukamatwa mwaka 1888, akapelekwa Algiers. Huko alijifunza kuchora na kuchonga sanamu, akaoa, akazaa, na hakuiona tena Hue. Alifariki Januari 1944. Huyu ni Thanh Thai. Wafaransa walimtangaza kuwa ni mwendawazimu, wakamwondoa mwaka 1907. Na huyu kijana ni mwanawe, Duy Tan, waliyemweka mahali pa baba akiwa na miaka saba, wakitumaini mtoto atakuwa mwepesi kumwongoza.

Mwongozaji alitusimulia kisa ambacho, alisema, kila mtoto wa Hue anakijua. Duy Tan alikuwa akicheza mchangani ufukweni, mikono ikachafuka, mtumishi akaleta maji. Mfalme mdogo akamwuliza: mikono ikichafuka tunaiosha kwa maji, na maji yakichafuka tutayaosha kwa nini? Mtumishi akakosa jibu. Mtoto akajibu mwenyewe: kwa damu. Sijui ni nani aliyekuwa pale kusikia, lakini kilichofuata kimo kwenye vitabu. Mei 1916, akiwa hajafika hata miaka 16, Duy Tan alitoka kasri usiku kuungana na uasi uliopangwa na Tran Cao Van na Thai Phien. Siri ilikuwa imeshavuja. Viongozi hao wakauawa, mfalme akavuliwa taji, na Novemba mwaka huohuo yeye na baba yake wakapandishwa meli kwenda kisiwa cha Réunion.

"Réunion kiko wapi?" mama akauliza.

Nikamwambia: mashariki ya Madagaska, mama, karibu na Morisi. Bahari ileile yetu.

Alinyamaza, halafu akaniambia nimtafsirie huyu binti vizuri, nisiruke neno. Akaanza kumweleza habari ya Sayyid Khalid bin Barghash. Babu yangu alikuwa akiisimulia habari hiyo barazani, naye aliipata kwa baba yake. Agosti 1896 Khalid alikalia kiti cha Unguja bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao zikapiga kasri kwa mizinga, na vita ikaisha kabla ya saa moja kutimia. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam, akakaa huko mpaka Waingereza walipoiteka wakati wa Vita Kuu. Walimkamata 1916. Wakampeleka Shelisheli na kisiwa cha Mtakatifu Helena. Alikuja kuruhusiwa kuishi Mombasa, na huko akafariki mwaka 1927.

"1916, mwaka uleule wa Duy Tan," akasema mwongozaji. Alilirudia jina la Khalid mara mbili, ili alishike.

Kuanzia hapo The Mieu haikuwa tena nyumba ya wafalme wa watu wengine. Wazungu wa zama zile, wa bendera hii au ile, walikuwa na dawa moja kwa mtawala asiyesikia: mvushe bahari, kamtupe kisiwani. Malkia Ranavalona wa Tatu wa Madagaska alipelekwa Réunion mwaka 1897, kisha Algiers, na alifia huko mwaka 1917, katika mji uleule alimokuwa akiishi Ham Nghi. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walitupwa Shelisheli mwaka 1899. Ukiiweka ramani mezani na kuchora safari hizo kwa kalamu, Bahari ya Hindi inajaa mistari. Shuleni tulifundishwa kila kisa peke yake, Uganda mbali, Unguja mbali, Vietnam haikutajwa kabisa. Ilinichukua kusimama mbele ya picha ya kijana wa Hue ndipo nione kwamba ni habari moja.

Basi mama akauliza lile swali lake la pili, na hapo ratiba ikabadilika: huyu kijana, mwisho wake ulikuwaje, na kaburi lake liko wapi? Mwongozaji akasema lipo An Lang, papa hapa Hue, kusini ya mto, lakini hakuna basi linalokwenda. Ratiba yetu ilikuwa na makaburi ya Tu Duc na Khai Dinh. Akatushauri tusiliache la Tu Duc, ambalo kwa ziwa lake, misonobari na ile roshani ya mbao alimokuwa mfalme akisoma mashairi, ndilo zuri kuliko yote. Namwamini. Hata hivyo mama alishaamua. Mwongozaji akapiga simu ofisini kwao, akazungumza kidogo, akarudi akitabasamu: Tu Duc tunaliacha, tunakwenda An Lang.

Kwanza kula. Mama hali nguruwe, na ile supu maarufu ya tambi ya Hue, pamoja na jina lake la nyama ya ng'ombe, mara nyingi hutiwa mguu wa nguruwe na kipande cha damu iliyoganda. Anayefuata masharti ya chakula aseme siku ya kuweka oda, si mezani. Tulipelekwa kula com hen, chakula cha wanyonge ambacho mji mzima unajivunia: wali uliopoa, juu yake vichaza vidogo vya mtoni visivyozidi ukucha, majani ya harufu yaliyokatwa nyembamba, njugu, pilipili, na pembeni bakuli la mchuzi moto wa vichaza hivyohivyo. Tuliomba wasiweke mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa, na hawakuweka. Mama aliugusa wali kwa kijiko. "Hiki si kiporo?" Ndicho, nikamwambia, kiporo hasa, ndivyo kinavyotakiwa. Akala akamaliza, akaomba mchuzi mwingine.

Thien Mu tuliipita haraka kwa sababu ya watu wengi. Pagoda ilianzishwa mwaka 1601, na mnara wake wa ghorofa saba, wa mwaka 1844, ndio alama ya mji. Nyuma, chini ya paa, kuna gari la zamani aina ya Austin la rangi ya buluu. Ndilo lililomchukua mtawa Thich Quang Duc hadi njia panda ya Saigon tarehe 11 Juni 1963, alipojichoma moto kupinga jinsi serikali ya Ngo Dinh Diem ilivyowatendea Wabuddha. Watu wanapiga picha na gari lile wakitabasamu. Sikuweza.

Kijiji cha Thuy Xuan, penye watengeneza ubani, mabasi yote husimama, kwa sababu vijiti vimetandazwa kama mashada ya maua ya kila rangi na vijana huja kupiga picha. Sisi tulikaa na mama mmoja aliyekuwa kazini kweli. Mbele yake alikuwa na donge la unga uliokandwa, wenye mdalasini na unga wa mbao, rangi ya udongo mwekundu. Anachukua kijiti cha mwanzi, anakibandika donge dogo, anakiviringisha juu ya ubao kwa kibao cha mkononi, mara moja mbele, mara moja nyuma, na unga unajitandaza sawasawa mpaka ukomo wa kidole kimoja kutoka mwisho. Hapimi wala hatazami. Mama alijaribu, cha kwanza kilivimba tumboni, cha pili kikatoka, na yule mwenyeji akakichanganya na vyake bila kukitenga.

Kisha mama akauliza udi. Si vijiti, udi wenyewe. Akafunguliwa kijisanduku chenye vipande vyeusi vya mti, vingine vidogo kama ganda la korosho. Mti huu ukiwa mzima mbao yake ni nyeupe, nyepesi, haina harufu. Ukijeruhiwa na kuvu ikaingia ndipo unapotoa utomvu wa kujitibu, na utomvu huo, miaka ikipita, ndio udi. Misitu ya katikati ya Vietnam inajulikana kwa udi tangu enzi za ufalme wa Champa, na majahazi ya Waarabu yalikuwa yakiufuata. Mama aliweka kipande kwenye kiganja, akakipumulia pumzi ya moto, akanusa. Kwetu tuna udi wa kupika, wa sukari na mafuta ya manukato, na tunao huu wa vipande, unaokuja kwa njia ya Omani na Dubai na hutiwa kwenye chetezo siku ya harusi. Alinunua kidogo sana, maana bei yake si ya mchezo, na hakubishana sana. Alisema ameshanunua udi wa mkono wa tatu maisha yake yote, leo ameukuta kwao.

Kaburi la Khai Dinh liko ubavuni mwa kilima, ngazi 127 kutoka chini hadi juu. Mama alizipanda zote, akipumzika kila ua, mwongozaji amemshika mkono na mimi nafuata nyuma na maji. Jengo lilianza mwaka 1920 na kumalizika 1931, miaka sita baada ya mfalme kufa. Nje ni zege lililosawijika kwa mvua, majoka, nguzo za uzio, sanamu za mawe za maofisa na askari waliojipanga uani. Ndani mambo yanageuka. Kuta zote, kutoka sakafu hadi dari, zimefunikwa kwa vipande vya kauri na vioo vilivyokatwa na kupangwa kuwa maua, ndege, vitabu, taa, matunda. Dari lina majoka tisa katikati ya mawingu, kazi ya msanii Phan Van Tanh, na husimuliwa kwamba aliyachora kwa miguu. Juu ya sanamu ya shaba ya mfalme kuna mwavuli wenye pindo laini, utadhani ni kitambaa mpaka uambiwe ni zege tupu.

Huyu ndiye aliyetawazwa mwezi uleule wa Mei 1916, Duy Tan alipoondolewa. Wafaransa walimtaka, na yeye aliwafaa. Mwaka 1922 alikwenda Ufaransa kwa ajili ya maonyesho ya makoloni mjini Marseille. Husemwa kwamba kodi ilipandishwa kwa asilimia 30 ili kaburi lijengwe. Mwongozaji alitueleza yote hayo, kisha akasimama mbele ya ukuta mmoja na kutuonyesha panzi wa kauri, mdogo kuliko kidole gumba, aliyekaa kwenye jani. Alisema babu zake walikuwa mafundi, na kwamba ukuta huu ameuhesabu siku zote kuwa ni wao, si wa mfalme. Mama alimtazama panzi kwa muda mrefu. Alisema mafundi Mungu awalaze pema, mfalme hana la kumwambia.

An Lang tulifika jua likiwa limeinama. Iko ndani ya mji, kwenye barabara iliyopewa jina la Duy Tan, kati ya nyumba za watu. Awali ni kaburi la babu yake, Duc Duc, aliyetawala siku tatu tu mwaka 1883 kabla ya kupinduliwa na kuachwa afe njaa kifungoni. Haina sanamu za maofisa wala za tembo kama makaburi mengine. Kuna ukuta, geti, hekalu, nyasi. Mlinzi alikuwa amekaa chini ya mti na redio yake, akatupungia tupite. Hatukumkuta mgeni mwingine.

Thanh Thai na Duy Tan wamelala nyuma, makaburi ya kawaida ambayo familia yoyote ya mjini ingeweza kuyajenga. Baba aliruhusiwa kurudi Vietnam mwaka 1947, kusini tu, akafia Saigon mwaka 1954. Mwana alikaa Réunion karibu miaka 30. Alikuwa fundi wa redio, alioa na kuzaa huko, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na Wafaransa Huru. Desemba 1945 alikutana na de Gaulle, ambaye alikuwa akifikiria kumrudisha kwenye kiti chake. Siku 12 baadaye, tarehe 26 Desemba, ndege iliyokuwa ikimpeleka Réunion kuonana na familia yake ilianguka karibu na M'Baiki, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alizikwa huko, katika ardhi ya Afrika, mpaka mwaka 1987 mifupa yake ilipoletwa hapa kwa baba na babu.

Mama alitaka kujua ni nani aliyemtunzia kaburi miaka yote ile kule Afrika ya Kati. Mwongozaji hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Mama akang'oa magugu mawili matatu yaliyoota kwenye ufa wa saruji, mwongozaji akainama akamsaidia, wakaendelea mpaka upande mmoja ukawa safi.

Kwa anayekwenda Hue: wakati wa kuandikiana na wakala, taja An Lang kwa jina, na omba iwe mwisho wa siku, kwa kuwa iko karibu na barabara ya kurudia Da Nang na haihitaji muda mrefu. Kama una siku mbili usiliache kaburi la Tu Duc wala la Minh Mang. Na omba mwongozaji aliyezaliwa Hue.

Tulirudi kwa njia ya handaki, gizani. Mama hakulala. Aliniuliza kama Mwanga naye alirudishwa. Nikamwambia alifia Shelisheli mwaka 1903, na mwaka 1910 mabaki yake yakaletwa Kampala, akazikwa Kasubi na baba yake Mutesa. Nako ni urithi wa dunia, tangu 2001, na kuliungua mwaka 2010, wakajenga upya. Kabalega yeye aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja, Bunyoro hajaiona.

"Na sisi tuko Unguja hapo jirani, hatujafika," akasema. "Mwakani, inshallah, nikatie tiketi ya Kampala. Na kabla ya Kampala tupitie Mombasa, tukamtafute Khalid."